Seli Shina na Mfupa Usiounga: Sayansi Inamwambia Nini Mgonjwa wa Buhongwa

Buhongwa ni kata ya Jiji la Mwanza iliyo kwenye Barabara ya Shinyanga, upande wa kusini wa mji. Anayetoka katikati ya jiji hupita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani kabla ya kufika hapo. Akiendelea mbele hufika Usagara, ambako njia hugawanyika, moja kuelekea Shinyanga na nyingine Kigongo na Geita. Malori ya mizigo, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji na bodaboda hugombea lami moja. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha uchunguzi wao kuhusu majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza. Sehemu zilizoumia zaidi zilikuwa mifupa na misuli, na kichwa kikafuatia.

Wengi wanaovunjika huunga. Wachache hawaungi: mwezi wa sita unafika, wa tisa unapita, na picha ya eksirei bado inaonyesha pengo kati ya vipande viwili. Kwa mgonjwa wa namna hiyo na jamaa zake, habari za seli shina zina mvuto mkubwa, kwa kuwa wamesikia kwamba seli hizo huotesha mfupa upya. Je, ni kweli? Kama ni kweli, ni kwa mgonjwa yupi na kwa njia gani? Na je, jambo hilo linawezekana huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria? Makala haya yanayafuata maswali hayo moja baada ya jingine, na hukumu itatolewa mwishoni, msomaji akishaona inakotoka.

Mfupa na seli zake

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa ni tishu hai, yaani kundi la seli zinazofanya kazi pamoja, likiwa na vitu ambavyo seli hizo hujizungushia. Kwa uzito, takriban theluthi mbili za mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni. Madini huupa mfupa ugumu na kolajeni huupa uwezo wa kuhimili mkunjo bila kukatika. Ndani ya mfupa mna uloto. Nje umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa mingi ya damu, uitwao periostiamu.

Seli za mfupa zenyewe ni za aina tatu. Osteoblasti hujenga: hutoa kolajeni, kisha huifanya ikaze kwa madini. Osteoklasti humeng'enya mfupa uliochakaa ili nafasi yake ijengwe upya. Osteositi ni osteoblasti za zamani zilizobaki zimezingirwa na madini, na kazi yake ni kuhisi mzigo unaoubeba mfupa na kuzipa taarifa seli nyingine. Kwa hiyo mfupa wa mtu mzima hubomolewa na kujengwa maisha yake yote, hata kama hajavunjika kamwe.

Osteoblasti haziishi muda mrefu. Baada ya wiki au miezi michache hufa au hugeuka osteositi. Lazima basi pawe na chanzo kinachozileta nyingine, na chanzo hicho ndicho seli shina. Seli shina ni seli yenye sifa mbili kwa pamoja. Ya kwanza, hujigawa ikazaa nyingine iliyo kama yenyewe. Ya pili, huzaa pia seli zinazobadilika zikawa za kazi maalumu. Seli yenye sifa moja tu kati ya hizo haistahili jina hilo.

Wanasayansi hutofautisha seli shina kwa asili yake. Zipo za kiinitete, ambazo za binadamu zilioteshwa maabara kwa mara ya kwanza na James Thomson huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1998. Zipo zinazotengenezwa kwa kuirudisha nyuma seli ya kawaida ya mwili, njia iliyovumbuliwa na Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2006, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Na zipo za mwili wa mtu aliyekwisha kuzaliwa, zinazokaa ndani ya tishu zake zikisubiri kazi. Karibu matibabu yote ya mfupa yaliyofikia wagonjwa hutumia hizi za tatu, na kwa kawaida huchukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe.

Ndani ya uloto nako mna familia mbili za seli shina, na kuzichanganya huleta matumaini yasiyo sahihi. Familia ya kwanza huzaa damu. Hiyo ndiyo inayotumika katika upandikizaji wa uloto, tiba iliyoanza Muhimbili mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Familia ya pili huzaa mfupa, gegedu na mafuta ya uloto. Mtu akisikia kwamba Tanzania sasa inapandikiza uloto, asidhani kwamba inaotesha mifupa. Chanzo ni kimoja, ila seli ni tofauti na kazi ni tofauti.

Familia hii ya pili ilitambuliwa na Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi Moscow katika miaka ya 1960 na 1970. Alichukua seli za uloto wa wanyama akaziweka katika chombo cha maabara. Nyingi zilielea, chache zikaganda chini na kuzaa makundi. Aliporudisha makundi hayo mwilini mwa mnyama, yalijenga mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina la seli shina za mesenkaima, mesenkaima ikiwa ni tishu changa ya kiinitete ambamo mifupa na misuli huchipuka. Mwaka 2017 Caplan huyohuyo aliomba jina hilo libadilishwe. Kwa maoni yake, nyingi za seli hizo zikiingizwa mwilini hazigeuki mfupa. Hutoa kemikali zinazoziita na kuziamsha seli za mwenyeji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba wameitenga seli shina halisi ya mifupa ya binadamu. Uwanja huu, basi, bado unajisahihisha.

Mfupa huungaje

Mfupa unapovunjika, mishipa ya damu hukatika na damu huvia kati ya vipande. Donge hilo la damu halipaswi kudharauliwa. Seli za kinga huingia humo, husafisha mabaki, na hutoa kemikali zinazoziita seli shina kutoka kwenye periostiamu na uloto. Huo uvimbe wa siku za kwanza ndio mwanzo wa kupona.

Katika wiki zinazofuata seli shina huongezeka na kugawana kazi. Zilizo karibu na damu ya kutosha hugeuka osteoblasti na kujenga mfupa moja kwa moja. Zilizo katikati, ambako hewa ya oksijeni ni haba, hugeuka seli za gegedu na kujenga daraja laini. Baadaye mishipa mipya ya damu huingia katika gegedu hilo, na nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. Hatua ya mwisho ni kuuchonga: osteoklasti na osteoblasti huurekebisha mfupa mpya kwa miezi na pengine miaka, hadi urudi karibu na umbo lake la awali. Ngozi ikikatika huacha kovu, lakini mfupa unaounga vizuri hurudi kuwa mfupa kamili.

Kutokana na maelezo hayo tunapata jambo la msingi: kila mfupa unaounga huungwa na seli shina. Plasta, ambayo wengi huiita hogo, haiungi mfupa. Wala msumari wa chuma hauungi, wala vyuma vinavyofungwa nje ya mguu ambavyo wagonjwa huviita antena. Vyote hivyo hutuliza vipande ili seli zifanye kazi. Hili linaeleza pia kwa nini waunga mifupa wa jadi, ambao wengi Kanda ya Ziwa huwaendea, huwa na wagonjwa waliopona kweli. Banzi likituliza mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi, na vipande vikawa vimekaa sawa, seli za mgonjwa huumaliza ujenzi. Banzi likikazwa mno huzuia damu, na palipo na jeraha la wazi haliwezi kuondoa uchafu. Hapo seli hufa, na ustadi wa mikono hauwezi kuzifufua.

Kwa nini mfupa mwingine hauungi

Madaktari husema mfupa haujaunga pale inapopita miezi 9 tangu uvunjike, na miezi 3 ya mwisho ikawa haina dalili ya maendeleo. Makadirio yanayotajwa sana duniani ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mivunjiko yote. Uwezekano hupanda sana kwa goko, mfupa mkubwa wa muundi ulio kati ya goti na kifundo cha mguu. Upande wake wa ndani umefunikwa na ngozi tu, bila misuli. Ukipigwa na bampa la gari au ukabanwa na pikipiki hutokeza nje kwa urahisi, na damu inayoulisha ni chache tangu mwanzo.

Sababu za kutounga zimo katika makundi matatu. La kwanza ni mtikisiko: seli zipo, damu ipo, lakini vipande vinacheza, na daraja hukatika kila likianza kujengwa. Eksirei huonyesha mfupa uliovimba kwenye ncha bila kushikana. La pili ni upungufu wa uhai: damu haifiki, seli ni chache, na eksirei huonyesha ncha zilizokonda. La tatu ni usaha: bakteria wameingia, na mwili unatumia nguvu zake kupigana nao. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na lishe duni huongeza uzito katika makundi yote matatu.

Mwaka 2007 Peter Giannoudis wa Leeds, Uingereza, na wenzake walizipanga haja za mfupa unaounga katika pembe nne. Ya kwanza ni seli. Ya pili ni kiunzi, yaani umbo lenye vitundu ambamo seli hushika na kujenga. Ya tatu ni vichocheo vya ukuaji, ambavyo ni protini zinazoziambia seli zigeuke nini. Ya nne ni utulivu wa vipande. Pamoja na hizo, sharti damu ifike.

Pembe ya tatu ilifunguliwa na Marshall Urist wa Los Angeles mwaka 1965. Aliuondolea mfupa madini yote, akaupandikiza ndani ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota mahali ambapo mfupa haupo kwa asili. Protini zilizosababisha hayo zilitafutwa kwa miaka mingi. Mojawapo iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya mivunjiko ya wazi ya goko, na bei yake imeendelea kuwa kubwa.

Mpangilio wa pembe nne unatupa kipimo cha kupimia kila dai la tiba. Seli ni pembe moja tu. Mkulima wa Usukuma anaweza kununua mbegu bora kuliko zote, lakini akizimwaga kwenye mwamba usio na maji hatavuna. Vivyo hivyo, seli zikiingizwa kwenye mfupa unaotikisika au wenye usaha zitakufa. Swali la kwanza la daktari kwa hiyo ni hili: mgonjwa huyu amepungukiwa pembe ipi? Aliyepungukiwa utulivu anahitaji msumari mnene zaidi, na seli mpya hazimsaidii. Mwenye usaha anahitaji kusafishwa, kuondolewa mfupa uliokufa na kupewa antibiotiki. Anayebaki, yule ambaye mfupa wake umetulia, hauna usaha, na bado umekonda bila kuunga, ndiye mgonjwa wa kweli wa seli shina.

Njia tatu za kutumia seli shina

Njia ya kwanza ni ya zamani na haina jina la kuvutia. Daktari huchukua vipande vya mfupa laini kwenye ukingo wa juu wa nyonga ya mgonjwa na kuvipachika penye pengo. Vipande hivyo vina seli shina hai, vina kiunzi cha asili, na vina vichocheo. Vinatimiza pembe tatu kwa pamoja, na vyuma hutimiza ya nne. Dunia nzima hutumia upandikizaji huu kama kipimo ambacho njia mpya hulinganishwa nacho. Kasoro zake ni mbili: nyonga hubaki na maumivu kwa muda, na kiasi kinachopatikana hakitoshi pengo kubwa. Mgonjwa aliyewahi kuchukuliwa mfupa nyongani ameshapata tiba ya seli shina katika umbo lake la awali, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Njia ya pili ni kufyonza uloto wa nyonga kwa sindano, kuuzungusha katika mashine inayotenganisha seli na majimaji, kisha kuingiza sehemu iliyokolea penye pengo bila upasuaji mkubwa. Ugumu uko kwenye idadi. Katika uloto wa mtu mzima, seli za kundi hili ni kama moja katika kila seli 10,000 hadi 100,000 zenye kiini. Philippe Hernigou na wenzake wa Ufaransa walilipima jambo hilo kwa makini na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Wagonjwa 60 wenye goko lisilounga, lisilo na usaha, waliingiziwa uloto uliokolezwa, na 53 kati yao waliunga. Uloto wao kabla ya kukolezwa ulikuwa na wastani wa seli 612 za uzao wa mfupa katika kila mililita. Baada ya kukolezwa zilifika 2,579. Wale 7 ambao hawakuunga walikuwa wamepata seli chache kuliko waliopona.

Somo la takwimu hizo ni zuri, na mpaka wake uonekane pia. Linaonyesha kwamba kiasi cha seli kinahusiana na matokeo, hivyo kuingiza uloto mwepesi uliojaa damu ni kazi bure. Ndiyo maana uloto hufyonzwa kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi za nyonga, kwani ukivutwa mwingi kwa mara moja huja na damu ya kawaida. Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa wamechaguliwa, na hapakuwa na kundi la pili lililoachwa bila tiba hiyo ili kulinganisha. Asilimia 88 ni matokeo ya kutia moyo kwa mgonjwa wa aina hiyo. Haiwezi kuchukuliwa kuwa ahadi kwa kila mguu.

Njia ya tatu ndiyo inayotajwa sana magazetini: kuzitoa seli, kuziotesha maabara kwa wiki kadhaa mpaka zifike mamilioni, kuzipanda kwenye kiunzi cha madini, kisha kukiweka penye pengo. Mwaka 2001 Rodolfo Quarto na wenzake wa Italia na Urusi walitoa taarifa ya wagonjwa watatu waliotibiwa hivyo, wenye mapengo ya sentimita 4 hadi 7, na viungo vyao vikarudi kufanya kazi. Baadaye watafiti wa Ulaya waliwatibu wagonjwa 28 katika nchi nne, na wengi mno waliunga bila seli hizo kuleta madhara makubwa. Hapa pia hapakuwa na kundi la kulinganisha. Tunaweza kusema njia hii inawezekana na haijaonyesha hatari kubwa. Kwamba inashinda mfupa wa nyonga, bado hatuwezi kulisema.

Tena njia hii ina washindani wasiohitaji maabara. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan katika Siberia, alionyesha kwamba mfupa ukikatwa sehemu yenye afya na kuvutwa polepole kwa fremu ya chuma, milimita 1 kwa siku, nyuma yake huota mfupa mpya. Alain-Charles Masquelet wa Ufaransa naye alionyesha kwamba donge la saruji ya upasuaji likiachwa penye pengo kwa wiki 6 hadi 8, mwili huzungusha utando wenye damu nyingi na vichocheo. Donge likitolewa, vipande vya nyonga hujazwa ndani ya utando huo na kuota. Njia zote mbili huamsha seli shina za mgonjwa papo hapo zilipo.

Nyonga ya mgonjwa wa selimundu

Kuna kundi jingine Kanda ya Ziwa ambalo haliwezi kuachwa nje ya mjadala huu. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa kupitia Bugando na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kaskazini magharibi mwa Tanzania takriban mtoto mmoja kati ya watano amerithi jeni moja ya selimundu, na zaidi ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Seli nyekundu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo. Zikiziba ile inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kichwa hicho hufa ndani ya nyonga, kisha hubonyea. Kijana wa miaka 20 huanza kuchechemea kama mzee.

Tiba inayojaribiwa ni kutoboa tundu dogo hadi kwenye kichwa cha mfupa ili kupunguza shinikizo, kisha kuingiza uloto uliokolezwa. Hernigou na mwenzake walitoa taarifa mwaka 2002 kuhusu nyonga 189, za wagonjwa wa selimundu na wa sababu nyingine. Nyonga 145 zilitibiwa kabla kichwa hakijabonyea, na 9 tu ndizo zilizohitaji baadaye kubadilishwa kuwa za bandia. Nyonga 44 zilitibiwa baada ya kubonyea, na 25 kati yake zilibadilishwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, uliolinganisha makundi mawili ya wagonjwa ambao nyonga zao zilikuwa zimekwisha kubonyea, haukuona faida ya kuongeza uloto. Seli, kwa hiyo, zikifika baada ya umbo kuharibika hazilirudishi.

Lazima tuongeze ushahidi unaotuliza pupa. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowalinganisha wagonjwa wa selimundu waliotobolewa mfupa na kufanyiwa mazoezi ya viungo, na wale waliofanyiwa mazoezi pekee. Kwa wastani wa miaka mitatu makundi hayo hayakutofautiana. Tafsiri yake kwa mzazi wa Buhongwa ni rahisi: mtoto mwenye selimundu akilalamika maumivu ya nyonga au paja yasiyoisha, apelekwe mapema apigwe picha, apunguziwe mzigo wa mguu, na aanze mazoezi chini ya mtaalamu. Hayo hayahitaji maabara ya seli.

Mwanza iko wapi

Tuweke sasa mahitaji kando ya uwezo. Njia ya kwanza, ya vipande vya nyonga, inahitaji chumba cha upasuaji, daktari bingwa wa mifupa na vyuma, na hayo ni mambo ya hospitali ya rufaa kama Bugando, iliyopo tangu mwaka 1971. Msumari wa SIGN, uliobuniwa Marekani ili uweze kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, umekuwa ukitumika nchini, Bugando na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Njia ya pili huongeza mashine ya kukoleza uloto, vifaa safi vya kutumia mara moja, na mtu wa kuhesabu seli. Hicho ni kipimo ambacho hospitali ya rufaa yenye chuo kikuu cha tiba pembeni yake inaweza kukifikia kwa kupanga.

Njia ya tatu ni jambo jingine. Inahitaji maabara yenye hewa iliyochujwa, umeme usiokatika kwa wiki kadhaa, vipimo vya kuhakikisha seli hazina vimelea wala mabadiliko ya hatari, na kibali. Utafiti wa aina hiyo kwa binadamu nchini hupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR. Gharama ya kuandaa seli za mgonjwa mmoja ingelipia misumari mingi.

Si kwamba utafiti mzuri hauwezi kufanyika hapa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika MOI, ambamo wagonjwa zaidi ya 200 wenye goko la wazi waligawanywa kwa nasibu, wengine wakawekewa msumari wa ndani na wengine vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja tofauti katika matatizo makubwa haikuwa ya kutegemewa, ingawa waliowekewa msumari walinyooka vizuri zaidi na walijisikia nafuu mapema. Jaribio la namna hiyo, lenye makundi mawili na ufuatiliaji wa mwaka, ndilo linalohitajika kwa uloto uliokolezwa. Wagonjwa wapo, na swali lipo.

Lipo pia soko la upande wa pili. Unga, vidonge na vinywaji huuzwa mitaani na kwa simu vikiitwa seli shina, baadhi vikidaiwa kutoka kwenye tufaha au zabibu, na vikiahidi kuunga mifupa. Tuvipitishe katika hoja tuliyojenga. Seli ya mmea haina uwezo wa kugeuka osteoblasti. Seli yoyote inayomezwa humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hata seli ya binadamu, iliyo hai, ya mgonjwa mwenyewe, lazima iwekwe penye pengo kwa idadi ya kutosha, kwenye mfupa uliotulia wenye damu. Kinywaji hakitimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Hukumu

Sasa tunaweza kuhukumu. Seli shina huunga mfupa; hilo ni kweli na halina shaka, kwa sababu hakuna kingine kinachouunga. Kuziongeza kwa mkono wa daktari kunamfaa mgonjwa mmoja mahususi: mwenye mfupa uliotulia, usio na usaha, ulioishiwa uhai. Kwake uloto uliokolezwa ni njia yenye msingi, na Kanda ya Ziwa ingefaa kuanza kuijaribu chini ya utafiti uliosajiliwa, ikilinganishwa na vipande vya nyonga. Seli za kuotesha maabara zisubiri ushahidi na gharama nafuu.

Kwa wengine wote, faida kubwa zaidi ya sayansi hii ni kuzilinda seli walizo nazo tayari. Anayevunjika mfupa ukatokeza nje afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Apewe antibiotiki mapema kadiri inavyowezekana na asafishwe jeraha vizuri. Asikandwe wala kufungwa banzi juu ya kidonda. Aache sigara. Ale protini na kalsiamu, ambavyo dagaa wa ziwani wanavyo kwa wingi na kwa bei ya kawaida. Ahudhurie kliniki hata kama maumivu yamepungua, maana mfupa usiounga hugunduliwa kwenye picha.

Na aliyekwisha kupitisha miezi 9 bila kuunga amwulize daktari wake maswali matatu: mfupa wangu umetulia? Una usaha? Damu inafika? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama anahitaji seli, chuma au dawa. Akishayapata, asitoe shilingi yake kununua kitu kisichojibu hata moja kati ya hayo.